Kipepeo anayechimba majani ya nyanya: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Bukavu

Nalima nyanya sehemu mbili huku kwetu mashariki mwa Kongo. Kipande kimoja kiko Bagira, juu kwenye ubaridi. Kingine ni cha familia ya mke wangu, chini Kamanyola kwenye joto, ukishamaliza kushuka mteremko wa Ngomo. Kwa kuwa naona pande zote mbili, watu huniletea majani: ndani ya mfuko wa plastiki, katikati ya daftari la mtoto, au picha tu ya simu saa tano usiku. Nami kila mara naanzia mahali pamoja. Kabla ya kununua dawa, tujue mdudu huyu ni nani na amefikia umri gani. Mengine yote yaliyo hapa chini yanatoka kwenye maswali mliyoniuliza shambani, sokoni Kadutu na njiani.

Majani ya nyanya zangu yana mabaka meupe kama karatasi. Ni ugonjwa au ni mdudu?

Chuma jani moja, liinue kuelekea jua, ulitazame kwa chini. Kama ni mdudu, baka litapitisha mwanga kuliko sehemu nyingine, kama karatasi iliyodondokewa na mafuta. Nyama ya kijani ya katikati imeliwa. Zimebaki ngozi mbili tu, ya juu na ya chini. Ndani yake utaona chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Hicho ni kinyesi cha kiwavi. Mara nyingi utaona na kiwavi mwenyewe, kivuli chembamba kinachorudi nyuma ukiligusa jani.

Ule ugonjwa wa mvua tunaouita mildiu hauko hivyo. Baka lake ni la kahawia iliyokolea au jeusi, ukingo wake unaonekana kama umeloweshwa, na asubuhi yenye umande utakuta ukungu mweupe upande wa chini wa jani. Hakuna uwazi ndani. Shika baka kati ya kidole gumba na cha shahada, sugua taratibu: kwenye mildiu jani linabaki kitu kimoja, kwenye baka la kiwavi ngozi mbili zinateleza moja juu ya nyingine. Nimewafundisha watoto wangu jaribio hilo na hawakosei.

Shamba moja linaweza kuwa na vyote viwili. Mvua za Novemba zimenionyesha hivyo zaidi ya mara moja, kwa hiyo usikague jani moja na kutoa hukumu. Kagua miche kumi, uichague ukitembea kwa mshazari kutoka kona hadi kona.

Mdudu huyu anaitwaje?

Kwa jina la kisayansi ni *Tuta absoluta*. Utakuta pia maandishi yanayomwita *Phthorimaea absoluta*, na ni mdudu yule yule: mwaka 1917 alielezwa mara ya kwanza kwa jina hilo la pili, kutokana na kipepeo aliyepatikana Peru, kisha wataalamu wakamhamisha jina mara kadhaa, na mwaka 2021 wakamrudisha kule alikoanzia. Ndugu zetu wa Tanzania humwita kantangaze. Huku kwetu wengi husema "kile kidudu cha nyanya", jina ambalo halisaidii kitu kwa sababu vidudu vya nyanya ni vingi.

Ni kipepeo cha usiku, yaani nondo. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu watu humwita funza, na wakisikia funza wanafikiria nzi. Nondo na nzi mara nyingi hawauawi kwa dawa zile zile wala kwa wakati ule ule.

Alifikaje huku?

Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa 2006 alionekana Hispania, na 2008 alikuwa ameshavuka bahari hadi Moroko, Algeria na Tunisia. Mwaka 2014 akaripotiwa Kenya na Tanzania, 2015 Uganda na Rwanda. Mwaka 2016 aliangamiza nyanya kaskazini mwa Nigeria kiasi kwamba serikali ya jimbo la Kaduna ilitangaza hali ya dharura, na watu wakampa jina la Ebola ya nyanya. Sasa tazama ramani: sisi tuko ng'ambo tu ya mto Ruzizi, mpakani na Rwanda. Nyanya huvuka daraja kila siku ndani ya makasha na vikapu, na pupa mmoja, yaani kiwavi aliyelala akingoja kuwa kipepeo, aliyejibanza kwenye ufa wa kasha la mbao hahitaji hati ya kusafiria. Anaruka pia mwenyewe na upepo humsaidia, lakini safari zake ndefu amebebwa na watu. Ndiyo maana kasha tupu linalorudi kutoka sokoni silipeleki shambani kabla halijasuguliwa kwa maji ya sabuni na kukaa juani.

Agronomu, mtaalamu wa kilimo, aliniambia ni nzi mchimbaji wa majani. Nitawatofautishaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Wote wawili wanaishi ndani ya jani na wote wanapenda nyanya. Lakini kazi yao haifanani.

Nzi mchimbaji, ambaye jina lake la kisayansi ni *Liriomyza*, huchora mstari. Njia yake ni nyembamba, inajipinda kama mto unavyojipinda kwenye tambarare, na inapanuka kidogo kidogo kadiri funza anavyokua. Haichukui upana wa jani. Kiwavi wa nondo wetu huanza na njia fupi nyembamba pia, na hapo ndipo agronomu wako angeweza kuteleza, lakini baada ya siku chache anapanua chumba: baka kubwa lisilo na umbo maalumu, mara nyingi likianzia karibu na mshipa. Baadaye baka hukauka, likawa kahawia na kupasuka.

Ukiwa na sindano, fungua njia. Funza wa nzi ni wa manjano, hana miguu na hana kichwa kinachoonekana. Ncha zake mbili zinakaribia kufanana. Kiwavi wa nondo ana kichwa cha kahawia kilichotengana wazi na mwili, ana miguu, na ukimweka kiganjani atatembea. Jani likiwa na njia zilizojipinda tu, pumua. Mmea mkubwa wenye afya huvumilia nzi mchimbaji, na nyigu wadogo humdhibiti wenyewe kama hujawaua kwa dawa kali.

Mayai yake yako wapi? Mimi sijawahi kuyaona.

Wengi hawajayaona. Yai lina urefu wa milimita 0.36 na upana wa 0.22, jeupe la maziwa likiwa jipya, la manjano baadaye, na hukolea karibu na kuanguliwa. Umbo lake ni la mviringo mrefu, kama punje ndogo mno ya mchele. Jike hutaga moja moja, wala hayafungi kwenye rundo kama mayai ya vipepeo wengine.

Tafuta majani machanga ya juu, upande wa chini. Karibu robo tatu ya mayai huwa kwenye majani, sehemu kubwa ya yanayobaki kwenye mishipa na mashina machanga, machache kwenye vile vijani vya kijani vinavyoshika tunda, na kwenye tunda bichi lenyewe ni kama yai 1 kati ya 100. Tumia miwani ya kusomea ya mzee, au dondosha tone dogo la maji juu ya kioo cha kamera ya simu ya zamani na uisogeze karibu na jani. Mkono utulie. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260 maishani mwake, na kwenye joto la wastani huanguliwa baada ya siku 4 hadi 6.

Kiwavi ana sura gani, na nitajuaje ni mdogo au mkubwa?

Anapotoka kwenye yai hafiki milimita 1. Ni mweupe wa maziwa mwenye kichwa cheusi, na hutembea juu ya jani kwa muda mfupi tu kabla ya kulitoboa na kuzama ndani. Muda huo mfupi ndio anapokuwa wazi kabisa kwa dawa, kwa ndege, kwa mvua na kwa sisimizi.

Akiwa ndani hula na kujivua ngozi mara tatu, kwa hiyo ana hatua nne. Rangi hubadilika: kutoka maziwa hadi kijani, kwa sababu utumbo uliojaa jani unaonekana kupitia ngozi, na mwishoni mgongo unapata wekundu hafifu kama wa ganda la kitunguu. Hatua ya nne hufika milimita 7 na nusu hadi 8.

Alama ya kumtambua ni shingoni. Nyuma tu ya kichwa kuna ukanda mwembamba mweusi, kama uzi uliofungwa. Jumapili moja nilikaa Bagira na jani juu ya sahani nyeupe, nikafungua baka kwa sindano ya kushonea ya mke wangu. Kiwavi alitoka kinyumenyume, akasimama, akainua kichwa akiyumba kushoto na kulia kama anayenusa. Ukanda ule ulionekana bila miwani. Kisha akateremka kwenye uzi wa hariri hadi ukingoni mwa sahani, na ningekuwa nimegeuka kidogo ningempoteza. Hilo nalo ni jambo la kujua: kiwavi huyu hafungwi na jani moja. Linapokauka au jua linapochoma sana, hutoka, hutembea, na kuchimba jani jingine. Kwa hiyo baka tupu halimaanishi kwamba amekufa.

Kwa vitendo mimi hutumia vipimo viwili. Baka dogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, chembe nyeusi chache: kiwavi mdogo. Baka kubwa, chembe nyingi, kuanza kuwa kahawia: kiwavi mkubwa, au ameshahama.

Na baada ya hapo anaenda wapi?

Anaacha kula, kisha analala. Hatua hii ndiyo vitabu vya shule huiita pupa. Wengi hujidondosha na kuingia kwenye udongo, chini kidogo tu; wengine hubaki ndani ya jani lililojikunja, kwenye shina au chini ya kikonyo cha tunda, wakijifunika kwa utando mweupe wa hariri. Pupa ana urefu wa karibu milimita 6, wa kijani mwanzoni, kisha kahawia kama punje ya kahawa iliyokaangwa kidogo. Kwenye joto la wastani hukaa siku 9 hadi 11.

Chukua kijiko, ukwangue udongo chini ya mche ulioharibika, uumwage juu ya kitambaa cheupe. Utawakuta.

Kipepeo mwenyewe je? Naona vipepeo vyeupe vingi mchana.

Hao weupe wa mchana si yeye.

Wetu ni mdogo, mwili milimita 5 hadi 7, rangi ya majivu yenye mng'ao wa fedha, na madoadoa meusi kwenye mabawa ya mbele. Papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, ni nyembamba kama uzi wa shanga, pingili nyeusi na nyeupe zikipokezana. Mchana hujificha kati ya majani. Huamka machweo na alfajiri. Nenda saa kumi na mbili jioni, tikisa mche mmoja kwa mkono, na utaona vitu vya kijivu vikiruka mita moja hivi na kutua tena. Dume huishi kama wiki moja, jike siku 10 hadi 15.

Kutoka yai hadi kipepeo ni siku ngapi?

Inategemea joto, na hapa sisi wa Bukavu tuna bahati ambayo ndugu zetu wa Kamanyola, Luvungi na Sange hawana. Watafiti walipomlea kwenye joto tofauti walipata hivi: kwa nyuzi 14 alichukua siku 76, kwa nyuzi 19.7 siku 40 hivi, kwa nyuzi 27.1 siku 24 tu.

Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, wastani wa joto letu uko karibu na nyuzi 20. Hesabu siku 40. Kule tambarare ya Ruzizi joto ni zaidi, kwa hiyo hesabu mwezi mmoja au pungufu. Zao la nyanya linakaa shambani miezi mitatu hadi minne. Maana yake Bagira naona vizazi viwili, vitatu vikizidi. Kamanyola vinafika vinne.

Tofauti hiyo si ndogo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kati ya mayai 260 ya jike mmoja ni 10 tu yanafika utu uzima, na nusu yao ni majike. Kizazi cha kwanza una majike 5, cha pili 25, cha tatu 125, cha nne 625. Mwenye shamba tambarare anaweza kuona majani machache yenye mabaka wakati wa maua, akasema nitashughulikia wiki ijayo, na wakati wa kuvuna asipate hata kasha moja. Mashamba yaliyoachwa bila ulinzi yamewahi kupoteza mavuno yote.

Je, anashambulia mimea mingine?

Ndiyo, jamii yote ya nyanya: biringanya, viazi mviringo, mnavu, tumbaku, pilipili kwa kiasi kidogo. Mnavu unaojiotea kando ya uzio ni mboga nzuri, lakini msimu ukiisha ndio unaomtunza mdudu hadi upande tena. Ukague kama unavyokagua nyanya. Mahindi, kabichi na vitunguu hawezi kuishi juu yake, kwa hiyo ndivyo vya kupanda pale nyanya ilipotoka.

Viazi vyangu navyo vina majani yenye mabaka, na ndani ya kiazi kuna njia. Ni yeye?

Ukiona njia ndani ya kiazi chenyewe, mshuku kwanza ndugu yake, nondo wa viazi, *Phthorimaea operculella*. Hawa wawili wanafanana sana wakiwa vipepeo na hata mimi siwatofautishi kwa macho. Kwa viwavi inawezekana: nondo wa viazi ana ngao nyeusi au kahawia iliyojaza shingo yote nyuma ya kichwa, wakati wa nyanya ana ule uzi mwembamba tu. Nondo wa viazi huendelea kuharibu ghalani, akiingilia kwenye macho ya kiazi na kuacha kinyesi hapo nje. Kifunike kiazi vizuri kwa udongo shambani, na usiache mavuno wazi usiku.

Nyanya yenyewe ina tundu. Kuna kiwavi mkubwa ndani.

Mkubwa kiasi gani? Kama ana urefu wa kidole, sentimita 3 au 4, huyo ni kiwavi mwingine, *Helicoverpa*, anayekula tunda kutoka nje na kuacha tundu ambalo ncha ya kidole huingia. Kantangaze huacha tundu kama la sindano nene, mara nyingi chini ya vile vijani vya kikonyo, na njia nyembamba chini ya ngozi ya tunda. Tunda huoza baadaye kwa sababu uchafu umeingilia hapo.

Nimepiga dawa mara tatu na bado wapo. Dawa ni feki?

Inawezekana, mama, na nimeumia kwa hilo mimi mwenyewe. Nilinunua dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, bila karatasi, bila jina, kwa muuzaji ambaye kesho yake sikumkuta. Nilipoteza fedha, na kibaya zaidi sikujua nilichovuta puani. Usinunue dawa isiyo na karatasi yake ya kiwandani.

Lakini hata dawa ya kweli hushindwa, na sababu ni zile hatua nilizozieleza. Dawa nyingi huua zinapogusa. Yai lina ganda. Kiwavi yuko kati ya ngozi mbili za jani. Pupa yuko ardhini. Kipepeo yuko chini ya majani, na wewe unapiga saa tatu asubuhi ukilenga juu. Ukipiga siku ambayo wengi ni viwavi wakubwa na pupa, umewaua buibui, nyigu na wadudu wema waliokuwa juu ya jani. Yeye umemwacha, na sasa hana adui. Hapo ndipo watu husema "dawa imewaongeza", na kwa kweli wanaona sawasawa.

Wakati wa kupiga ni pale unapoona mabaka madogo mengi na vipepeo vimeonekana wiki iliyopita: viwavi wanaanguliwa. Lenga chini ya majani na sehemu ya juu ya mmea. Piga jioni.

Jambo la pili ni usugu. Mdudu huyu amezoea dawa nyingi duniani: zile za jamii ya pirethroidi tangu zamani, na hata aina mpya zaidi zimeanza kumshinda katika nchi kadhaa. Vifungashio vingi vina namba ya kundi la dawa. Tumia kundi moja kwa kizazi kimoja cha mdudu, kisha badili. Bagira nabadili baada ya siku 40, Kamanyola baada ya mwezi. Kubadili kila wiki kunaonekana ni bidii, lakini kunamfundisha kiwavi yule yule dawa zote kwa pamoja. Kubadili jina la dukani bila kubadili namba ya kundi hakuna maana yoyote.

Na siku za kungoja kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye karatasi, zihesabu kweli. Wateja wa Kadutu wanakula nyanya mbichi kwenye pilipili.

Majivu, pilipili, mwarobaini: vinasaidia?

Majivu na maji ya pilipili havifiki ndani ya jani. Vinaweza kumsumbua kipepeo kwa siku moja mpaka mvua ije. Sitamkataza mtu, lakini nisingelitegemea hilo.

Mwarobaini ni kitu kingine. Mafuta ya mbegu zake huzuia kiwavi mdogo kula na kujivua ngozi, na kwa kiwavi mkubwa nguvu inapungua. Kuna pia dawa ya bakteria, *Bacillus thuringiensis*, inayomuua kiwavi anapoimeza na haidhuru nyuki wala mtoto anayepita shambani. Zote mbili zinataka kiwavi akiwa mdogo, na zote mbili huharibiwa na jua, kwa hiyo ni za jioni na za kurudia.

Nitaongeza moja ninayoifuatilia kwa matumaini makubwa: kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilileta kutoka Peru nyigu mdogo ambaye ni adui wa asili wa kantangaze. Hutaga mayai ndani ya kiwavi mdogo, hata akiwa amejificha ndani ya jani. Nyigu huyo anafika pale pompi yangu ya dawa isipofika.

Mtego wa harufu unafanyaje kazi?

Ni kipande kidogo cha mpira chenye harufu ya jike. Kitundike juu ya beseni la maji yenye sabuni au mafuta kidogo, karibu na mimea, si juu mtini. Madume huja, huanguka, huzama. Badilisha kipande kila wiki 4 hadi 6, na ongeza maji, kwa sababu jua la Kamanyola hukausha beseni kwa siku mbili.

Mtego mmoja au miwili kwenye shamba dogo ni saa ya ukutani, haumalizi vita. Hesabu vipepeo kila asubuhi uandike. Idadi ikipanda ghafla, baada ya siku chache mayai yataanguliwa, na hapo ndipo uwe tayari. Jike hanaswi kabisa, maana harufu ni yake mwenyewe. Taa ya sola juu ya beseni nayo hunasa, dume na jike, lakini pia hunasa wadudu wasio na kosa, kwa hiyo mimi huiwasha saa moja tu baada ya machweo.

Mvua inamuua?

Mvua kubwa huangusha mayai na viwavi waliotoka nje. Kiangazi, Juni hadi Agosti, ndipo anapotamba, na ndipo wengi wetu hulima nyanya mabondeni kwa kumwagilia. Kagua mara mbili kwa wiki miezi hiyo.

Nikishavuna, nifanye nini na miche iliyobaki?

Usiiache imesimama. Shamba la nyanya lililoachwa baada ya mavuno ni kitalu cha kantangaze cha mtaa mzima, na jirani yako aliyepanda wiki hii ndiye atakayelipa. Ng'oa, weka kwenye mfuko mweusi wa plastiki, funga mdomo, uache juani wiki mbili au tatu. Au fukia kwa kina cha goti. Usitupe kwenye rundo la mbolea lililo wazi. Kisha chimbua udongo uupindue: kuku watafanya kazi ya pupa wakiachiwa siku mbili.

Majani ya chini yenye mabaka yachume wakati wote wa msimu, uyaweke kwenye ndoo yenye kifuniko. Nimeona watu wakiyachuma kwa uangalifu na kuyatupa kati ya mistari. Kiwavi anatoka na kupanda mche wa karibu.

Nyanya iliyotobolewa inaliwa?

Kiwavi hana sumu. Kata sehemu iliyoharibika, upike inayobaki. Ikiwa imeanza kunuka au kuwa na maji, tupa.

Sina darubini, wala mtaalamu karibu. Nitahakikishaje kwamba ni yeye?

Mlee. Chukua chupa ya plastiki safi, ikate juu, weka udongo mkavu wa vidole viwili chini. Tia majani matatu yenye mabaka na viwavi hai, ukifunga vikonyo vyake kwa pamba iliyolowa ili yasinyauke haraka. Funika kwa kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili na mpira. Iweke dirishani pasipo jua kali. Ongeza jani bichi kila siku mbili, na usirushe la zamani kabla hujahakikisha hakuna aliyebaki ndani.

Andika tarehe kwenye chupa. Viwavi wataacha kula na kupotea udongoni, na kwa baridi ya Bukavu subiri zaidi ya wiki mbili. Asubuhi moja utakuta mmoja wa wadudu watatu ametulia kwenye chandarua: nzi mdogo mweusi mwenye manjano, na hapo ulikuwa na nzi mchimbaji, kipepeo wa kijivu mwenye madoa na papasi kama shanga, na hapo ni yeye, au nyigu mweusi mdogo kuliko punje ya ulezi. Ukimpata huyo wa tatu, mpeleke shambani, fungua chandarua katikati ya nyanya, na wiki hiyo uiache pompi nyumbani.